Jinsi ya Kufunga Taa za Kazi kwenye Fremu ya Kinga ya Trekta bila Kuitoboa

Ukanda wa Barumbu, Basoko na Lokutu, ukishuka Mto Kongo kutoka Kisangani, uko karibu kabisa na ikweta. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na kabla ya saa moja giza limeshatanda. Mikungu ya chikichi haingojei asubuhi. Ikishakatwa na kuchubuka, vimeng'enya vilivyomo ndani ya tunda huanza kuyachachusha mafuta, na kadiri inavyochelewa ndivyo asidi inavyopanda na bei ya mawese inavyoshuka. Ndiyo maana wasindikaji hutaka mikungu ifike kwenye mashine ndani ya saa 24 tangu ikatwe. Mvua ikiharibu njia au tela ikikwama mchana, dereva analazimika kumalizia safari gizani.

Taa ambazo trekta huja nazo kutoka kiwandani hukaa chini, pembeni mwa boneti. Kila shimo na kila gogo hutupa kivuli kirefu mbele, na nyuma, kwenye kiungo cha tela, mara nyingi hakuna mwanga. Fremu ya kinga iliyo nyuma ya kiti ndiyo mahali pazuri pa kuweka taa za nyongeza: iko juu, imesimama imara, na inaona pande zote. Lakini ni sehemu ya trekta ambayo haitakiwi kuguswa na dreli wala kulehemiwa. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata sharti hilo.

Kwa nini fremu haitobolewi

Fremu ya kinga, ile ambayo vibao vya kiwandani huiandika ROPS, ipo kwa kazi moja: trekta ikipinduka, imwachie dereva nafasi ya kubaki hai. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza kuilazimisha kwenye matrekta mapya, mwaka 1959, baada ya wakulima wengi kufa chini ya matrekta yao. Chuma chake hakikutengenezwa kiwe kigumu tu. Kimepimwa kijikunje kwa kiasi maalumu na kumeza kishindo bila kukatika. Ukitoboa tundu, nguvu ya kishindo hujikusanya kwenye kingo za tundu hilo na ufa huanzia hapo. Ukilehemu, joto hubadilisha chuma kandokando ya mshono, na sehemu iliyokuwa ikijikunja inaweza kukatika. Kwa macho huwezi kuiona tofauti.

Kwa hiyo taa hufungwa kwa vibano vinavyoikumbatia fremu kutoka nje, na siku ukivifungua, fremu inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Fundi akikuambia kwamba tundu dogo halina neno, mtafute mwingine.

Kama trekta lako ni la zamani na halina fremu, usichomelee upinde wa mabomba na kuuita kinga. Hautamwokoa mtu, na utampa dereva ujasiri asiostahili. Funga taa kwenye madigadi ya nyuma, kisha tafuta fremu iliyoidhinishwa kwa aina ya trekta lako.

Vifaa vya kuandaa

- Taa nne za LED za volti 12, kila moja ya wati 27 hivi, zenye alama ya IP67, yaani vumbi haliingii na maji hayaingii hata taa ikizama kwa muda mfupi.
- Vibano vinne vya kukumbatia bomba la fremu, au bolti za umbo la U zenye bamba la chuma, pamoja na nati za kujikaza.
- Mpira wa tyubu kuukuu ya tairi.
- Waya wa shaba wa nyuzi nyingi, milimita mraba 2.5, rangi mbili: nyekundu na nyeusi. Ongeza mita chache za waya mwembamba kwa ajili ya swichi.
- Rilei mbili za volti 12, ampea 30, na soketi zake.
- Vishikio viwili vya fyuzi visivyoingiza maji, na fyuzi za ampea 10. Kimoja kidogo chenye fyuzi ya ampea 3 kwa waya wa swichi.
- Swichi mbili, vichwa vya kubana waya, bomba laini la plastiki la kufunikia waya, na vifungo vya plastiki.
- Spana, koleo la kubania, mita ya kupimia umeme, kitambaa na grisi.

Maneno mawili kuhusu ununuzi. Kwanza, usikubali waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu. Ukutani unafaa, lakini kwenye trekta mtikisiko utauvunja ndani ya ganda lake, na utatafuta hitilafu usiione. Pili, kama unanunua vifaa Kisangani, mwombe muuzaji akuwashie kila taa kwenye batri na upime ampea zake palepale. Wati zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za kujisifu. Boti ikishashuka mto, kurudisha taa mbovu kutakugharimu kuliko taa yenyewe.

Hatua ya 1: Chagua aina ya mwanga

Taa za kazi ni za aina mbili kubwa: zinazotupa mwanga mbali kwa mshale mwembamba, na zinazousambaza kwa upana. Kwenye michikichi chagua za kusambaza. Miti hiyo hupandwa kwa pembetatu ya mita 9, kiasi cha miti 143 kwa hekta, na nafasi kati ya mstari na mstari ni karibu mita 8. Dereva hahitaji kuona mita 200 mbele; anahitaji kuona shina la kushoto, shina la kulia, na mikungu iliyolundikwa pembeni.

Kama duka lina rangi za kuchagua, chukua mwanga wa manjano kiasi badala ya mweupe wa kibuluu. Wadudu huufuata zaidi ule mweupe.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umeme

Gawanya wati kwa volti upate ampea. Taa nne za wati 27 ni wati 108. Gawanya kwa 12, unapata ampea 9. Angalia kibao cha alternata uone inazalisha ampea ngapi, kisha toa zile zinazotumiwa na taa za kawaida na kuchaji batri. LED kwa kawaida hazileti shida. Taa nne za balbu za halojeni za wati 55 zingekula zaidi ya ampea 18, na trekta kuukuu lingerudi nyumbani na batri tupu.

Gawa taa katika njia mbili: mbili za mbele na mbili za nyuma, kila njia na rilei yake, fyuzi yake na swichi yake. Faida ya kwanza ni kwamba njia moja ikikatika, nyingine inakurudisha nyumbani. Faida ya pili iko kwenye waya. Kila njia inabeba ampea 4.5 tu. Ikiwa kutoka batri hadi taa ni mita 5, umeme unatembea mita 10 kwenda na kurudi. Kwenye waya wa 2.5 utapoteza volti 0.3 hivi njiani, kiasi kisichoonekana. Kwenye waya wa 1.5 utapoteza zaidi ya nusu volti, na kwa waya mwembamba zaidi taa itafifia na waya kupata moto.

Hatua ya 3: Andaa trekta

Egesha mahali tambarare, shusha vifaa vyote chini, vuta breki ya mkono, zima injini na uchukue ufunguo mfukoni. Ondoa waya hasi wa batri kwanza, kisha chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche itakuonyesha kosa lako. Safisha fremu kwa kitambaa, na uangalie kama ina ufa, kutu iliyokula chuma au bolti zilizolegea pale inapokaa kwenye mhimili wa nyuma. Fremu yenye ufa haifungwi taa; hubadilishwa.

Hatua ya 4: Panga mahali pa taa

Shika taa kwa mkono na umwombe mtu akae kitini. Za mbele zikae pembe za juu za fremu, nyuma kidogo ya kichwa cha dereva na pembeni, ili mwanga upite juu ya mabega yake bila kumrudia machoni kutoka kwenye boneti. Za nyuma zikae chini kidogo ya hizo, zikitazama kiungo cha tela.

Mambo matatu ya kuthibitisha kabla ya kukaza chochote:

Taa isitokeze nje ya upana wa fremu. Makuti yananing'inia, na taa iliyotokeza itang'olewa wiki ya kwanza.

Taa isizidi kimo cha fremu. Paa la banda lilipimwa kwa fremu, halikupimwa kwa taa.

Kama fremu ni ya kukunja, ikunje polepole mara moja na uangalie taa zinaangukia wapi. Zisigonge kiti, madigadi wala bomba la mafuta, na zisizuie pini ya kuifunga fremu ikiwa wima.

Hatua ya 5: Funga vibano

Pima upana wa bomba la fremu kwa nje kabla ya kununua kibano. Fremu nyingi ni za bomba la pembe nne, na kibano cha duara kitaishika kwenye kona tu. Kata kipande cha tyubu, kizungushe penye kibano mara moja, kisha weka kibano juu yake. Mpira unazuia kibano kuteleza, unailinda rangi isichunike na kuleta kutu, na unapunguza mtikisiko unaoua taa.

Kaza nati kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, mpaka kibano kisizunguke ukikisukuma kwa mkono. Usikaze hadi bomba lionyeshe alama. Taa yenyewe ikaze nusu tu, utaielekeza baadaye.

Hatua ya 6: Pitisha waya

Shusha waya kwa upande wa ndani wa fremu, ukiwa ndani ya bomba laini la plastiki, na uufunge kila baada ya sentimita 20 hivi. Penye bawaba ya fremu ya kukunja, acha waya wa ziada wenye kupinda kwa ulaini, kisha ukunje na kuinua fremu uone kama unabanwa au kuvutwa. Mbali na hapo, waya usipite karibu na ekzosi, shafti ya kuendeshea vifaa vya nyuma, usukani wala bomba la haidroli.

Kabla waya haujaingia kwenye taa, uache uning'inie kidogo kama tumbo, chini ya mdomo wa taa, halafu upande tena kuingia. Maji ya mvua hufuata waya. Yakifika kwenye tumbo hilo yanadondoka chini badala ya kuingia ndani. Mahali panaponyesha kama mkoa huu wa Tshopo, tumbo hilo linaokoa taa nyingi kuliko gundi.

Hatua ya 7: Unga masi

Masi ni njia ya umeme kurudi kwenye batri, na hapa ndipo kazi nyingi hushindwa. Ule mpira wa tyubu unazuia umeme kupita kati ya kibano na fremu, na hata bila mpira, fremu imeshikwa kwa bolti zenye rangi na kutu. Usiitegemee irudishe umeme. Kila taa iwe na waya wake mweusi unaorudi hadi kichwa hasi cha batri, au hadi sehemu ya chasi ambapo waya mnene wa batri umefungwa, baada ya kuikwangua mpaka chuma king'ae na kuipaka grisi. Taa inayowaka hafifu, au inayowaka trekta likitikisika na kuzima likitulia, mara nyingi inakuambia masi yake ni mbaya.

Hatua ya 8: Unga rilei, fyuzi na swichi

Swichi ya dashibodi haifai kubeba umeme wote wa taa. Inabeba umeme mdogo wa kuiamsha rilei, na rilei ndiyo inayofungua njia kubwa. Chini ya rilei kuna namba, na ni zilezile popote ulikoinunua:

- 30: umeme kutoka kichwa chanya cha batri, kupitia fyuzi ya ampea 10.
- 87: kwenda kwenye taa mbili za njia hiyo.
- 86: kutoka kwenye swichi.
- 85: kwenda masi.

Rilei ikiwa na mguu wa 87a, uache bila kuunga.

Fyuzi ya ampea 10 iwe karibu na batri, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye kichwa chake. Kazi yake ni kuulinda waya, na waya usio na fyuzi nyuma yake ukichunika na kugusa bodi utaungua mpaka batri iishe. Usiweke fyuzi kubwa zaidi ikiungua, tafuta kilichoiunguza.

Umeme wa kuzilisha swichi utoe kwenye waya unaoamka ufunguo ukiwashwa, kupitia fyuzi ya ampea 3. Hivyo dereva akichukua ufunguo, taa zote zinazima zenyewe. Taa nne zikisahauliwa usiku kucha zitaimaliza batri ya ampea-saa 100 kabla ya mapambazuko, na huko shambani hakuna wa kukuchajia.

Rilei ziweke chini ya dashibodi, miguu ikitazama chini ili maji yasitulie ndani.

Hatua ya 9: Rudisha batri na upime

Rudisha waya chanya kwanza, hasi mwisho. Washa njia moja, kisha nyingine. Chukua mita: batri iliyopumzika na kujaa inaonyesha volti 12.6 hivi, injini ikiunguruma kwa mwendo wa kazi, kati ya 13.8 na 14.4. Pima tena kwenye miguu ya taa ikiwa imewaka. Tofauti kati ya batri na taa ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibovu au waya mwembamba. Gusa waya, vichwa na kishikio cha fyuzi baada ya robo saa. Vyote viwe baridi au vuguvugu tu. Kinachochoma kidole kifunguliwe na kuungwa upya.

Hatua ya 10: Elekeza mwanga

Subiri giza. Simamisha trekta mahali tambarare, taa za mbele zikiwa mita 6 kutoka kwenye ukuta. Pima kimo cha taa kutoka ardhini. Tuseme ni mita 2.4. Weka alama ukutani kwenye nusu ya kimo hicho, yaani mita 1.2, kisha inamisha taa za mbele mpaka katikati ya mwanga iangukie alama. Mwanga utagusa ardhi mita 12 mbele, umbali unaotosha kwa mwendo wa tela lenye mzigo. Geuza taa ya kushoto kidogo nje kuelekea kushoto, na ya kulia vivyo hivyo, hadi uone mashina ya pande zote mbili.

Za nyuma zielekeze ukiwa umeunga tela. Ukizinyoosha sana, mwanga utagonga ubao wa mbele wa tela na kumrudia dereva. Ziinamishe hadi ziangaze kiungo, pini na mahali anaposimama msaidizi. Kaza nati zote, paka rangi kidogo juu ya nati na kibano kwa pamoja. Mstari huo wa rangi ukikatika siku nyingine, utajua nati imelegea.

Barabarani zizime

Taa hizi ni za shambani. Ukitoka kwenye mstari wa michikichi na kuingia barabara ya watu wote, zima njia zote mbili na ubaki na taa za kawaida. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani umeweka kanuni inayojulikana dunia nzima: mwanga mweupe mbele, mwekundu nyuma. Taa nyeupe inayoangaza nyuma humfanya anayekufuata aone kama gari linamjia usoni. Na mwendesha toleka, yaani teksi ya baiskeli, anayekanyaga bila taa na abiria nyuma yake, akikutana na taa nne za fremu anapofuka kwa sekunde kadhaa, na pembeni yake kuna mtaro. Bandika viakisi vyekundu nyuma ya tela. Havihitaji waya, wala fyuzi.

Taa pia zisibadilishe tabia ya dereva kwa fremu. Fremu ikiwa wima, mkanda wa kiti ufungwe. Bila mkanda anaweza kurushwa nje na fremu hiyohiyo ikamlalia. Fremu ikiwa imekunjwa ili kupita chini ya paa, mkanda usifungwe, na fremu irudishwe wima mara tu baada ya kupita, hata kama taa zimekuwa zikiwaka vizuri ikiwa imelala.

Ukaguzi wa kila wiki

Futa vioo kwa kitambaa chenye maji. Usielekeze mpira wa maji ya presha kwenye taa, kwa sababu IP67 haikuahidi kuustahimili. Angalia mistari ya rangi kwenye nati. Tikisa kila waya kwa mkono huku taa zikiwaka. Inayopepesa ina kiungo kilicholegea. Kila mwezi fungua vishikio vya fyuzi, utafute rangi ya kijani kwenye shaba, usafishe na kupaka grisi. Weka rilei moja na fyuzi za akiba kwenye kisanduku cha spana, na mfundishe kila dereva wa trekta hilo kuzibadilisha mwenyewe.

Trekta likipinduka au fremu ikigongwa sana, fungua taa zote uzihifadhi. Fremu iliyojikunja mara moja imeshamaliza kazi yake. Hainyooshwi wala kulehemiwa, hubadilishwa na mpya. Taa zako zitahamia kwenye hiyo mpya kwa vibano vilevile.